Asikilizaye kwa Kuchukia

Majuma mawili yaliyopita, baada ya Misa ya pili ya Dominika, baba mmoja wa familia alitusubiri mlangoni mwa sakristia akiwa na maswali mawili. La kwanza lilihusu redio. Kila asubuhi, wakati wa chai, yeye husikiliza kipindi kimoja ambacho watangazaji wake huwapigia watu simu, huwachokoza juu ya ndoa zao, huwafanya wake walioachwa kuwa kichekesho, na huyataja hadharani mambo ambayo wazee wetu waliyasema kwa kunong’ona tu. Kipindi hicho anakichukia. Alituambia hivyo mara tatu, na uso wake ulionyesha wazi kwamba hasemi uongo. “Lakini nasikiliza, Padre,” akasema, “ili niujue ubaya wao.” Mkewe, aliyekuwa amesimama kando na mtoto mgongoni, akasema kwa upole, “Baba watoto, kama wawachukia hivyo, mbona hukosi hata siku moja?”

Swali la pili lilionekana dogo zaidi. Kijana wao mkubwa, mwanafunzi wa chuo, alikuwa ameleta nyumbani filamu ya Kimarekani ya kuchekesha iitwayo Private Parts, inayosimulia jinsi mtangazaji mmoja mwenye kinywa kichafu alivyopanda hata akawa mtu maarufu. Je, yafaa kutazamwa na Wakristo?

Tuliomba nafasi ya kufikiri. Filamu tumeitazama tangu mwanzo hata mwisho, maana si haki kuhukumu kitu kwa kusikia uvumi. Na tulipomaliza tuliona kwamba maswali yale mawili kumbe ni moja, na ya kwamba yule mama alikuwa amekwisha kuligusa jambo lenyewe kabla yetu.

Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1997, nayo yafuata kitabu alichokiandika mtangazaji mwenyewe, Howard Stern, mwaka 1993. Mwongozaji wake ni mwanamke, Betty Thomas. Na Stern anajiigiza mwenyewe, pamoja na mwenzake wa studio, Robin Quivers. Stern alizaliwa New York mwaka 1954, akasoma Chuo Kikuu cha Boston, kisha akahangaika katika vituo vidogo ambako sauti yake haikumvuta mtu yeyote. Alipita Hartford, akapita Detroit na Washington, na mwaka 1982 akaingia kituo kikubwa cha WNBC mjini New York, ambako wakubwa wake walitaka kumfuga, naye hakufugika. Jina la filamu lina maana mbili, na Kiswahili chetu chaweza kuzibeba zote kwa pamoja: sehemu za siri. Ni viungo vya mwili tunavyovifunika, tena ni pande za maisha tunazozifunika. Stern alijenga umaarufu wake kwa kufunua hizi na hizi.

Twakiri kwamba tulicheka. Kuna msimamizi mmoja wa WNBC, aliyeigizwa na Paul Giamatti, anayejaribu kumfundisha Stern namna ya kulitamka jina la kituo kwa madaha, herufi moja baada ya nyingine, na kadiri mwanafunzi anavyokosea kwa makusudi ndivyo mwalimu anavyozidi kuiva kwa hasira; twadhani hata gambera wetu wa zamani wa seminari kuu angalicheka, naye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Hilo si kosa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na kwamba mchezo ndio usingizi wake. Hata asema kwamba mtu asiyeweza kabisa kufurahi, tena awaharibiaye wengine furaha yao, ana kasoro. Hatuandiki basi kuilaumu furaha.

Lakini katika filamu hiyo lipo onyesho moja fupi ambalo tulilisimamisha, tukalirudisha nyuma, tukalitazama tena. Mtafiti analeta hesabu kwa wakubwa wa kituo, ambao wanangoja kwa hamu kusikia kwamba watu wamemchoka Stern. Msikilizaji wa kawaida wa redio, asema mtafiti, husikiliza dakika 18. Ampendaye Stern humsikiliza saa moja na dakika 20. Kwa nini? Kwa sababu ataka kujua atasema nini tena. Msimamizi hakati tamaa: je, wale wanaomchukia? Hao, ajibu mtafiti, humsikiliza saa mbili na nusu. Na sababu yao ni ile ile.

Hesabu hizo ni za filamu, nasi hatuziapii. Namna ya kuhesabu wasikilizaji Marekani siku zile, hata hivyo, yajulikana. Kampuni iliyoitwa Arbitron iliwapelekea watu vijitabu, na kila mmoja aliandika kwa muda wa juma zima kituo alichosikiliza na saa aliyokisikiliza. Aliyesikiliza walau dakika tano ndani ya robo saa alihesabiwa katika robo saa hiyo. Jumla yake ndiyo iliyowekwa mbele ya wafanya biashara wenye magari, sabuni na bia za kutangaza, nao walilipa kwa kufuata jumla hiyo. Aliyekuwa akicheka alihesabiwa mmoja. Aliyekuwa akisaga meno alihesabiwa mmoja vile vile. Na kama filamu yasema kweli, msaga meno ndiye aliyeleta fedha nyingi zaidi, kwa kuwa alikaa muda mrefu zaidi. Leo kuhesabu kumekuwa kwepesi kuliko vijitabu. Mtu akiisambaza sauti au picha katika simu yake na kuandika juu yake, “Tazameni upumbavu huu,” amewaletea wenye upumbavu ule watazamaji ishirini ambao wasingaliupata wenyewe.

Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano waliligusa jambo hili kabla ya mambo haya ya simu. Katika hati yao juu ya vyombo vya upashanaji habari, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, hawakuishia kuwaonya watangazaji. Waliwageukia wasomaji, watazamaji na wasikilizaji, wakawakumbusha kwamba wao wachagua kwa hiari yao, na kwamba kuyaendea mambo mabaya ya namna hiyo mara nyingi ni kuwapa ujira watu wanaovitumia vyombo hivyo kwa ajili ya faida tu. Hawakusema kwamba ujira hauhesabiwi ikiwa mlipaji amekunja uso.

Lakini hapa msomaji makini atatuzuia. Je, dhambi si ya moyo? Mtu asiyeupenda uovu, asiyeukubali, awezaje kuwa na hatia kwa sababu tu sauti yake imeingia masikioni mwake? Swali hili ni la haki, na walimu wa Kanisa hawakulikimbia. Mtakatifu Bernardo alipata kuona kwamba si rahisi kusema ni yupi aliye mbaya zaidi, msengenyaji au yule amsikilizaye. Mtakatifu Tomaso alilipima neno hilo kwa mizani yake ya kawaida. Anayeyafurahia masengenyo, asema, ana hatia kama mwenye kuyasema, na pengine kumzidi. Lakini yule asiyeyafurahia, ila hayapingi kwa sababu ya woga, au uvivu, au haya, huyo amekosa, ingawa kosa lake ni dogo kuliko la msemaji, na kwa kawaida ni dhambi nyepesi. Isipokuwa kama kwa cheo chake ilimpasa kukemea, au pana hatari iliyo kubwa.

Tukilifikisha neno hilo mezani pa chai, twaona mambo mawili. Kwanza, Tomaso alimfikiria mtu aliyeketi na msengenyaji uso kwa uso, ambaye huenda hana mlango wa kutokea bila kumvunjia mwenyeji heshima. Mwenye redio ana kitufe. Wala hakuna mtangazaji atakayeona haya au kuudhika kikizimwa. Pili, mezani pale pana baba, na watoto wake wanne wanakunywa uji. Yeye ndiye mwenye cheo cha kukemea. Watoto hawasikii chuki iliyo moyoni mwa baba yao. Wasikia kipindi kile, kila siku, kwa idhini yake.

Lakini hata hivyo hatujaufikia mzizi. Yule baba si mwoga, wala si mvivu, wala haoni haya. Naye amesema hafurahii. Kwa nini basi hakosi? Twaogopa kwamba anafurahia, ila si kile anachodhani. Tomaso huyo huyo, akiwafuata wanafalsafa wa Kiyunani, afundisha kwamba hasira ina utamu wake. Aliyekasirika ajiona yuko upande wa haki. Kila neno chafu litokalo redioni lampandisha yeye ngazi moja, bila kazi yoyote, bila sala, bila kufunga. Mfarisayo wa Injili, aliyesimama hekaluni kumshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine, alimhitaji sana yule mtoza ushuru aliyesimama nyuma. Asingalikuwapo, sala yake ingalikosa mada. Vivyo hivyo wapo Wakristo wema ambao asubuhi yao haikamiliki mpaka wamempata mtu wa kuwachukiza.

Hayo twayasema juu yetu pia. Mhariri hupokea magazeti mengi, na anajua ni lipi analolifungua kwanza.

Mtakatifu Agostino ametuachia habari ya rafiki yake Alipio, mzaliwa mwenzake wa Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alipio alikwenda Roma kusoma sheria. Alichukia kabisa michezo ya watu kuuana uwanjani. Siku moja marafiki zake wakamkokota, naye akawaambia kwamba waweza kuuburuta mwili wake lakini si macho yake wala roho yake. Akaketi katikati yao amefumba macho. Agostino asikitika kwamba hakuyaziba masikio pia. Maana mtu mmoja alipoanguka, umati wote ulipiga ukelele, na Alipio, akiamini kwamba lolote atakaloliona ataweza kulidharau, akafumbua macho. Alijeruhiwa rohoni kuliko yule aliyejeruhiwa mwilini. Hakutoka mle kama alivyoingia. Na baadaye alirudi, tena akiwatangulia na kuwavuta wengine. Mungu alimtoa huko hatimaye, hata akawa askofu wa mji wake. Lakini tuangalie mlango ulioingiza ule ubaya. Haukuwa mapenzi kwa michezo ile. Ulikuwa dharau yake, na sikio.

Atasema mtu: je, mzazi asijue watoto wake wanasikia nini? Padre asijue waumini wake wanacheka nini? Ni lazima wajue. Mpishi huonja mchuzi kwa ncha ya kijiko, naye hufanya vema. Akiimaliza sufuria hajaonja tena, amekula. Asubuhi moja au mbili zatosha kujua kipindi ni cha namna gani. Baba yule amesikiliza tangu Kwaresima.

Sasa turudi kwenye filamu, kwa kuwa ina jambo jingine ambalo lafaa kuangaliwa polepole. Stern na mkewe Alison wanangoja mtoto wao wa kwanza, na mimba inaharibika. Wakiwa peke yao nyumbani, Stern anajaribu kumfariji mkewe kwa mzaha mchungu, na mkewe, katikati ya machozi, anacheka pamoja naye. Wale waliowahi kukaa katika nyumba yenye msiba wajua kicheko cha namna hiyo. Hatuthubutu kukilaumu. Kisha Stern anaingia studio na kuufanya mzaha ule ule hewani, mbele ya watu wasiohesabika, wanaocheka wakiwa katika magari yao. Mkewe anaumia sana.

Maneno ni yale yale. Mume ni yule yule, na pengine upendo wake ni ule ule. Ni nini kilichobadilika? Twadhani ni hiki: nyumbani, mzaha ule ulikuwa wa watu wawili walioubeba msiba mmoja. Hewani ukawa bidhaa, na msiba ukawa wa mtu mmoja tu, mwanamke, ambaye hakuulizwa. Huruma ilibaki chumbani; kilichotoka nje ni kicheko peke yake. Filamu haikulificha kosa hilo, na kwa hilo twaisifu. Lakini yalipita upesi, kama ugomvi mdogo wa mume na mke, kisha inaendelea na safari yake ya ushindi.

Watetezi wa Stern husema kwamba yeye ni mkweli, ya kuwa asema yale ambayo wengine huyafikiri na kuyaficha kwa unafiki. Filamu nayo yashika njia hiyo: kijana hana faida yoyote mpaka anapoamua kusema kila kitu kimpitiacho moyoni, na hapo mambo yake yanafunguka. Kuna kweli kidogo ndani yake. Unafiki ni uovu, na Bwana wetu aliukemea kuliko makosa mengi ya mwili. Lakini kutosema uongo ni wajibu mmoja, na kusema yote ni jambo lingine kabisa, ambalo hakuna amri iliyotuagiza. Daktari asemaye kweli kwa mgonjwa wake hasemi magonjwa ya wengine. Mume asemaye kweli kwa mkewe hamsemi mkewe kwa majirani. Wenye kusema “siri ya mtungi aijuaye kata” hawakumaanisha kwamba kata ni nafiki kwa sababu haiipeleki sokoni.

Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi Nuhu alivyolewa divai akalala uchi hemani mwake. Mwanawe Hamu akauona uchi wa baba yake, akatoka nje akawapasha ndugu zake habari. (Wasomaji wajua jinsi laana iliyofuata ilivyotumiwa vibaya kwa karne nyingi ili kuhalalisha utumwa wa Waafrika, hiyo ni dhuluma iliyofanyiwa Maandiko, nasi hatuizungumzi hapa.) Tunalotaka kuangalia ni lile walilofanya Shemu na Yafethi. Habari walikuwa wamekwisha kuisikia, na ilikuwa kweli. Hawakwenda kuhakikisha. Hawakwenda kuchungulia ili wapate kuchukizwa vizuri. Walichukua vazi mabegani mwao, wakaingia kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumwona. Ni kazi ngumu kutembea kinyumenyume hemani, na lazima walijikwaa.

Sasa, umbo la filamu yenyewe. Inaanza Stern akiwa katika ndege, akirudi nyumbani kutoka sherehe ya tuzo za muziki ambako alijidhalilisha, na pembeni yake ameketi mwanamke mrembo anayemwona kama uchafu. Maisha yote tunayoyatazama ni hadithi ambayo yeye, moyoni mwake, anamsimulia mwanamke huyo, ili ampende. Basi mtazamaji amewekwa katika kiti kile tangu mwanzo. Ukiingia ukiwa unamchukia, filamu ilikuwa ikikungoja wewe hasa. Tena utetezi wake mkubwa ni huu: hata akisema machafu namna gani, hajawahi kumkosea mkewe kwa tendo. Ni mdomo tu. Ametongozwa, akarudi nyumbani.

Hatupendi kuhesabu vidonda vya nyumba za watu; lakini kwa kuwa nyumba hiyo iliwekwa sinema kama ushahidi, yatubidi kusema kwamba ndoa ile ilivunjika kwa talaka mwaka 2001. Nani ajuaye sababu zote? Bwana wetu alifundisha kwamba uzinzi huanza moyoni, na kwamba kinywa husema yaliyoujaza moyo. Hakuacha nafasi ya kuugawa mdomo na mtu mwenyewe. Filamu haikutueleza pia mambo mengine ambayo yangalimfanya yule mwanamke wa ndegeni ageuze uso. Mwaka 1995, mwimbaji Selena, kipenzi cha Wamarekani wenye asili ya Meksiko, aliuawa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 23. Stern aliudhihaki muziki wake na watu waliokuwa wakimlilia, hata baadaye ikambidi kutoa maneno ya kuomba radhi kwa Kihispania.

Wala tusijidanganye kwamba maradhi haya ni ya watu wasio na dini. Nje kidogo ya mji wa Detroit, ambako Stern alifanya kazi kwa muda mfupi, ndiko alikotangaza padre mmoja wa Kanisa letu, Charles Coughlin, tangu mwaka 1926. Alianza na katekisimu ya watoto. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa na wasikilizaji mamilioni, na kadiri walivyoongezeka ndivyo alivyozidi kuwa mkali, hata mwishowe akawa akimwaga chuki juu ya Wayahudi wakati ambapo huko Ulaya walikuwa wakianza kuangamizwa. Askofu wake mkuu alimnyamazisha mwaka 1942. Wangapi walimsikiliza bila kumkubali, kwa sababu tu alikuwa akisisimua?

Na jirani zetu wa Rwanda walipata redio iliyoitwa RTLM, iliyoanza mwezi wa Julai 1993. Haikuanza na mapanga. Ilianza na muziki mzuri na watangazaji wachangamfu, wenye utani wa mitaani, ambao vijana waliwapenda kwa kuwa hawakuzungumza kama redio ya serikali. Utani ulikuwa na watu wake wa kutaniwa. Kufikia Aprili 1994 watu hao walikuwa wakitajwa hewani ili wauawe. Hukumu ya waanzilishi wawili wa redio ile, pamoja na mhariri wa gazeti moja, ilitolewa hapa kwetu Arusha, na mahakama ya Umoja wa Mataifa, tarehe 3 Desemba 2003. Hatumlinganishi mchekeshaji wa New York na wauaji. Ingekuwa dhuluma kwake na tusi kwa waliokufa. Twasema tu kwamba masikio yale yalizoeshwa kwanza kwa kicheko, na kuzoea huko kulichukua miezi isiyozidi tisa.

Wapo wanaotaka serikali itusaidie kwa faini. Marekani ilijaribu. Mwaka 1995 kampuni iliyokuwa ikikirusha kipindi cha Stern ilikubali kulipa dola milioni 1.7 ili kuyamaliza mashitaka ya utovu wa adabu hewani. Kila faini ilikuwa habari, na kila habari ilileta masikio mapya. Mwaka 2006 yeye alihamia redio ya setilaiti, ambayo sheria zile haziigusi, na ambayo msikilizaji huilipia mwenyewe. Hivyo ule ujira walioutaja Mababa wa Mtaguso ukawa ada ya kila mwezi.

Lakini haki yataka tumalize habari za mtu huyu mahali alipofika mwenyewe. Kwa muda wa miaka mingi alikwenda kwa tabibu wa nafsi, na mwaka 2019, alipotoa kitabu kingine, alisema waziwazi kwamba anaona aibu kwa mengi aliyowatendea wageni wake studio. Mmoja alimtaja hasa: mwigizaji Robin Williams, ambaye, kwa ajabu, ndiye aliyeigiza mtangazaji mwingine wa redio katika filamu ya kuchekesha ya mwaka 1987, Good Morning, Vietnam. Stern alikuwa amemhoji kwa kumchokoza tu juu ya ndoa yake. Miaka ikapita, akataka kumtafuta amwombe radhi. Kabla hajampata, Williams akafa, mwezi wa Agosti 2014. Toba hiyo twaiheshimu. Asubuhi ile ya mahojiano pia walikuwako wasikilizaji waliomhurumia Williams, wakamlaani Stern mioyoni mwao, na wasizime.

Tumekwisha kumpa yule baba majibu yetu kabla ya kuyachapa. Filamu si ya watoto. Wamarekani wenyewe waliiwekea alama R, yaani asiyetimiza miaka 17 haingii bila mzazi, na kuna maonyesho ya uchi ambayo hata mzaha wenyewe haukuyahitaji. Lakini kijana wa chuo si mtoto, naye amekwisha kuitazama. Afadhali baba aketi naye walitazame pamoja lile onyesho la mtafiti na hesabu zake, na lile la mke mwenye msiba, wazungumze, na mama awepo. Kuhusu kipindi cha asubuhi, tumemwomba akiache kwa mwezi mmoja, asikisikilize wala asikisimulie kazini, kisha aje atuambie amepungukiwa na nini. Hakufurahi sana. Mkewe amesema atamhesabia siku.